Bi. Phanice Nyamusi, Aliyeandika Kumi na Saba

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Phanice Nyamusi anastaafu baada ya kuitumikia maktaba yetu ya umma kwa miaka thelathini na minne na miezi saba. Aliajiriwa Machi 1991 kama karani wa kupanga vitabu, akiwa na miaka ishirini na sita. Anaondoka akiwa mkutubi msimamizi, na mwenyewe ameomba isemwe wazi kwamba amechoka. Tumeandika hivyo kwa sababu hapendi habari zipambwe.

Maktaba yetu ni jengo la vyumba viwili kando ya barabara iendayo Keroka. Wapita njia wengi hudhani ni ofisi ya chifu. Katika utumishi wake, ubao wa mlangoni umebadilishwa mara nne, kila mara wizara ilipopewa jina jipya. Kompyuta sita zilifika miaka miwili kabla ya umeme. Bi. Phanice alizifunika kwa leso zake ili zisishikwe na vumbi, na zilipowashwa hatimaye, nne ziliwaka. Kila sera mpya ilikuja na semina, kalamu na chai ya saa nne. Alihudhuria zote. Kalamu aliwapa watahiniwa.

Wasomaji walimpenda kwa namna yake ya kutowafokea. Mzee Momanyi, mfanyabiashara wa ndizi pale Daraja Mbili, alirudisha kitabu cha ufugaji wa nyuki baada ya miaka kumi na mmoja, amekifunga kwa jani la mgomba, na maneno ya kuomba radhi ameyapanga tayari. Bi. Phanice alikipokea, akakipangusa, akamuuliza, "Ulikimaliza?" Mzee akasema bado sura mbili. Akarudishiwa akamalizie.

Mimi, Haron Omwenga, niliwekwa chini yake mwaka 2012. Kuna jambo moja ambalo halimo katika faili lake, na naona nilieleze mwenyewe kwa sababu linanihusu.

Mwaka 2019 ulikuja waraka: maktaba yoyote isiyopata wasomaji arobaini kwa siku itafungwa na wafanyakazi wake kuhamishwa. Fomu ilikuwa na safu moja tu, ya watu walioingia mlangoni. Sisi tulikuwa tukipata kumi na saba, siku ya soko ishirini na tano. Kwingine waliandika sitini. Nilijua kwa sababu wenzangu walinipigia simu wakicheka.

Wiki ile Bi. Phanice alikwenda Birongo kumzika kaka yake. Nikabaki na daftari la mahudhurio. Siku ya kwanza niliandika hamsini na wawili, ya pili arobaini na tisa, ya tatu hamsini na watano, zisije zikafanana. Aliporudi alilisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Haron, hawa hamsini na wawili walikaa wapi? Tuna viti ishirini."

"Madam, wakiona kumi na saba watatufunga. Kila mtu anaandika hivyo."

"Najua. Wakisoma hamsini na wawili watasema sera inafanya kazi, na huyo asiyeweza kufika hapa hatatafutwa na mtu. Kata hizo. Andika waliokuja."

Nilikata. Yeye akatia sahihi kando ya kila mstari niliosahihisha, ili lawama ikija ianzie kwake. Nilikuwa na mtoto wa miezi miwili nyumbani, na sitaficha kwamba siku ile nilimchukia.

Hakuishia kwenye daftari. Alitaka kujua kwa nini ni kumi na saba. Ijumaa iliyofuata, mchana, alipakia katoni mbili za vitabu kwenye bodaboda, akaenda kituo cha kupimia majani chai, mahali wakulima wanapokaa na mifuko yao saa nzima au mbili kusubiri lori la kiwanda. Akaweka vitabu juu ya meza ya mizani. Mara ya kwanza walidhani anauza. Mara ya tatu walikuwa wakimngojea yeye kuliko lori. Majina aliyaandika kwa penseli katika daftari la shule, na baada ya miezi minane yalikuwa mia tatu na kumi na mawili.

Februari 2020 alikuja afisa mkaguzi, Bw. Ogoti, kukamilisha karatasi za kutufunga. Alikuwa mtu mpole, mwenye kazi nyingi na gari la kuazima. Bi. Phanice hakubishana naye. Alimwomba tu wafike kituoni kabla hajaweka sahihi.

Pale walimkuta Bitutu, mama wa makamo aliyejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima kanisani. Alikuwa ameketi juu ya mfuko wake wa majani, kijitabu cha chanjo ya kuku mkononi. Afisa akamuuliza kwa nini haendi maktaba.

"Mimi niende saa ngapi? Asubuhi nachuma, mchana napanga foleni hapa. Na hii miguu na matope yote, nitakanyaga ile sakafu yenu?" Akainua kijitabu. "Lakini hii vitabu ikija hapa, nasoma. Mwaka jana kuku wangu walikufa wote. Mwaka huu nimesoma, nimechanja, wako. Kuja uwaone."

Wengine wakaanza kusema nao, nusu Kiswahili nusu Ekegusii. Bw. Ogoti alisikiliza, kisha akaitazama fomu yake.

"Madam, hawa sina mahali pa kuwaweka. Fomu haina."

"Pembeni pana nafasi," Bi. Phanice alimwambia. "Andika pembeni."

Akaandika pembeni. Mwandiko ulipanda hadi juu ya ukurasa ukageukia nyuma.

Barua ilikuja baadaye. Hatukufungwa. Lakini siku za kufungua zilipunguzwa kuwa tatu kwa wiki, mwenzetu wa tatu akahamishwa, na Bi. Phanice akapewa onyo kwa kutoa mali ya umma nje ya jengo bila kibali cha maandishi. Maktaba zilizoandika sitini zilipelekewa vitabu vipya. Nilitarajia angalau alie, au anitukane. Aliisoma, akaiweka kwenye faili, akaandika ombi la kibali katika nakala tatu. Ijumaa akapakia katoni zake. Ombi lile halijajibiwa mpaka leo, na hakuna Ijumaa aliyokosa isipokuwa zile za korona, vituo vilipokatazwa mikusanyiko.

Mwaka 2023 ikazinduliwa sera mpya ya kuwafuata wasomaji waliko. Palikuwa na mahema, hotuba na fulana. Bi. Phanice alialikwa, akapewa kiti cha nyuma. Jina lake halikutajwa, ila fomu mpya ilikuwa na safu ya pili: wasomaji nje ya jengo. Jioni ile Bw. Ogoti alimpigia simu, nami nilikuwa karibu.

"Madam, ile safu ya pili ni yako."

"Asante, Bw. Ogoti. Sasa watume gari."

Gari halijatumwa. Magoti yake yameharibika kwa kupanda bodaboda, na ukimuuliza kama sera ile imefaulu atakujibu kwamba safu ipo na wasomaji wapo, kilichobaki katikati ni mtu wa kubeba katoni. Tumearifiwa kwamba nafasi yake haitajazwa mwaka huu wa fedha. Kwa hiyo nitakuwa peke yangu, siku tatu na Ijumaa. Sina uhakika nitaweza. Nilimwambia hivyo juzi, akasema naye hakuwahi kuwa na uhakika, tena asubuhi nyingi hakutaka hata kutoka kitandani.

Madam Phanice, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kazi, na zaidi kwa kutotudanganya kuhusu kazi yenyewe. Mungu akupe afya, shamba lizae, na wajukuu wakuzunguke.

Tulipochangishana zawadi alikataa saa ya ukutani, akakataa na blanketi. Aliomba kadi ya msomaji, kwa kuwa katika miaka yote hii hajawahi kuwa nayo, wala hajawahi kuketi mle ndani akasoma kitabu mpaka mwisho. Kadi iko tayari. Anataka kiti cha dirishani, na asiulizwe na mtu choo kiko wapi. Jumatatu tunafungua saa tatu. Wasomaji wenzangu, akija, tumsalimu kwa sauti ya chini, kisha tumwache asome.