Wimbo wa Bao la Mukiri

Jumamosi hiyo benchi letu la mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu, halikukalika. Mara huyu anasimama, mara yule anahama upande. Mwanatatu, mama anayetuuzia kahawa, alikuwa anamimina bila kuulizwa. Wiki iliyotangulia Mukiri, mshambulizi wetu, alifunga bao, na spika za uwanja zikafungulia wimbo wa yule mwimbaji aliyetupwa jela kwa kumpasua dada yake Mukiri uso kwa chupa. Mukiri alivua jezi, akaiacha kwa nyasi, akatoka geti. Tukabaki kumi, tukachapwa. Na kesho yake kulikuwa na mechi nyingine.

Aliyeweka wimbo ni Riungu. Tunamwita Spika, maana vyombo vya muziki pale uwanjani ni vyake.

— Mimi naweka kile watu wanataka, akasema. Hiyo ngoma ikianza, hata wazee wanaruka.

— Si ulijua ni dada yake? aliuliza Kivuti, ambaye tunamwita Refa kwa sababu alichezesha mpira mpaka magoti yakakataa.

— Nilijua. Lakini bao likiingia, mkono unaenda tu.

— Basi huo mkono upewe kadi nyekundu!

— Refa, wacha hizo. Aliyepiga mtu ni jamaa, si wimbo. Wimbo hauna chupa.

— Na sauti ni ya nani? Korti ilifunga mtu pamoja na koo lake.

— Tuweke ala peke yake, nikasema mimi. Maneno tutoe.

— Hata gitaa alipiga yeye, Refa akasema. Vidole ni vile vile.

Spika akasimama.

— Sasa mnataka nichunguze kila msanii? Huyu aliiba ng'ombe, yule alipika chang'aa. Tutabaki na kwaya ya kanisa!

— Na hiyo kwaya pia uchunguze, Mwanatatu akasema. Yule wa besi namjua.

Tulikuwa bado tunacheka, mara mwanamke mmoja akasimama mbele yetu. Kovu lilimshuka kutoka jicho hadi kidevu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba huyu ndiye Karambu, dada yake Mukiri.

— Habari zenu. Ni nani huweka muziki pale uwanjani?

Spika akainua kidole kama mtoto wa shule.

— Mukiri amekubali kucheza kesho, Karambu akasema. Anataka nikuje nimwone. Tangu ile siku sijakaa mahali kuna watu wengi.

— Karibu, mwanangu, keti unywe kahawa, Mwanatatu akasema.

— Asante mama, sikai.

— Dada, Spika akasema, na sauti ilikuwa imemshuka, huo wimbo sitauweka tena. Hata mwenyekiti wa timu akinifukuza.

Karambu akamgeukia.

— Sawa. Na watu wakiuimba wenyewe?

Refa akajikuna goti. Karambu alingoja, Mwanatatu akachochea mkaa wake.

— Basi nitakaa karibu na geti, akasema, akaenda zake.