Hasi ni Nzuri au Mbaya?

Benchi la fundi saa lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi hiyo hata tofali lilikuwa halitulii. Binti yake, muuguzi, alikuwa amefungiwa chumba cha peke yake hospitalini, homa juu, baada ya kumhudumia mgonjwa wa kile kirusi kinachoua. Wenzake wamempima kwa kifaa kipya, kidogo kama kiberiti, kinachonusa kirusi kwenye tone la damu na kutoa jibu papo hapo. Jibu lenyewe kamtumia baba yake kwa simu, neno moja tu: "Hasi." Fundi alilisoma mpaka macho yakamuuma.

— Hasi si ndiyo ile ya mafahali? — akauliza Msumari, seremala. — Fahali akihasiwa, kazi kwisha.

— We Msumari, koma! Mwanangu si ng'ombe.

— Nasema kirusi! Wamekihasi. Hakizai tena.

Kinyozi, anayeitwa Profesa kwa ajili ya miwani tu, akaweka kikombe cha kahawa chini.

— Hasi ni kinyume cha chanya. Chanya ni kitu kizuri. Kwa hiyo hasi... — Akamwona fundi usoni. — Ni nzuri zaidi.

— Usinidanganye, Profesa.

— Jamani, hata betri ina upande hasi! — Msumari akaruka. — Wameiweka kichwa chini, kifaa kinalalamika!

Fundi, mtu wa betri miaka yote, nusura aamini.

Mteja mmoja, mama aliyefuata saa yake ya ukutani, alikuwa kasimama anasikiliza.

— Samahani. Aliyetuma ujumbe si ana simu? Mbona hamumpigii?

Profesa akafuta miwani. Msumari akachungulia birika. Fundi alikuwa anaogopa.

— Piga, kaka, — mama akasema taratibu.

Akapiga.

— Baba! Mbona kimya? Sina!

— Huna nini, mama?

— Kirusi, baba! Ni malaria tu, dawa nimeshaanza.

— Sasa si ungeandika "sina"? — Fundi akafoka, machozi yanamtiririka.

— Malaria! — akapiga kelele Profesa.

— Malaria! — akaitikia Msumari, wakakumbatiana kama waliopata mtoto, tofali likachomoka, benchi na kahawa yote vikaenda chini.

Fundi akabaki kakaa vumbini, simu sikioni.

— Hebu sema tena, mama.

— Nini, malaria?

— Ile nyingine.

— Sina, baba. Sina.