Ardis Lindquist, Aliyewasomea Watu Barua Zao

Ardis Marie Sorum alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, shambani kwa wazazi wake, Palmer na Inga Sorum, maili sita kaskazini mwa Askvold, Dakota Kusini. Theluji ilikuwa imefunga barabara. Daktari alifika kesho yake asubuhi, akamkuta mama anakaanga mayai na mtoto amelala kwenye droo ya kabati. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, Verlyn.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, kisha Sekondari ya Askvold, alikohitimu Mei 1962. Katika miaka hiyo, msimu wa kuwinda kwale wa mkia mrefu ulipofunguliwa kila Oktoba, maegesho ya shule yalijaa magari yenye bunduki zilizoning'inizwa kwenye dirisha la nyuma. Mwalimu mkuu, Bwana Ostby, alizunguka magari hayo asubuhi akiuliza nani kapata wangapi. Hakuna aliyefunga mlango wa gari kwa ufunguo. Ardis alikuwa na shabaha kumshinda Verlyn, na Verlyn mwenyewe hakuwahi kulikana hilo, ila alidai kuwa jua lilikuwa upande wake. Jioni walichuna manyoya kwenye ngazi za nyuma, wakigombana juu ya nani kampiga yupi, huku mama akipaza sauti kutoka jikoni, "Yeyote aliyempiga, nataka awe kwenye sufuria kabla baba yenu hajavua viatu!"

Baada ya mwaka mmoja wa masomo ya uhazili huko Sioux Falls, aliajiriwa mwaka 1963 na gazeti la wiki la mjini, Askvold Herald, kama mpiga chapa. Mwaka 1971 alikabidhiwa ukurasa wa barua za wasomaji, na hakuuachia hadi Januari mwaka huu. Sheria ya ukurasa ilikuwa kwamba kila mwandishi athibitishe kwa sauti yake mwenyewe kuwa barua ni yake, na kila mtu apate barua moja tu kwa mwezi. Ardis aliongeza lake: alimpigia mtu simu akamsomea barua yake yote, neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyosomea Maandiko kanisani. Wengi waliosikia maneno yao yakitoka kinywani mwake waliomba muda wa kuyarekebisha. Mkulima mmoja, Elroy Bakke, alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Mimi ndiye niliyeandika hivyo?"

"Wewe, Elroy. Na hapa chini unamwita karani wa kaunti punda."

"Ondoa punda."

"Niweke nini?"

"Weka... weka kwamba hana haraka."

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Curtis Lindquist, msimamizi wa ghala la nafaka. Walijaliwa watoto wawili, Janelle na Todd. Curtis alikuwa mtu wa maneno machache, na Ardis alisema ndiyo sababu aliyapenda. Kwa miaka thelathini na mitatu walikunywa kahawa pamoja saa kumi jioni, hata siku za mavuno, Ardis akimpelekea ghalani kwenye chupa. Verlyn, ambaye hakuoa, alikula nao kila Jumapili na kila Sikukuu ya Shukrani. Curtis alifariki mwaka 1998.

Siku ya Ijumaa, tarehe 2 Februari 2007, mtu mmoja wa mji mwingine aliingia kwenye ukumbi wa michezo wa shule wakati wa mechi ya mpira wa kikapu, akapiga risasi. Walikufa Bi Doris Wiebe, aliyekuwa akiuza bisi mlangoni, na mwalimu Glenn Amdahl. Verlyn alikuwa safu ya tatu. Alizoea kutembea na bastola, lakini jioni hiyo aliiacha garini kwa kuwa mlango wa shule ulikuwa na bango linalokataza silaha. Alikaa sakafuni ameshika kichwa cha Doris mpaka gari la wagonjwa likafika.

Kesho yake magari ya televisheni yalijaa barabara kuu. Mbele ya kanisa, Verlyn alizungumza na mwandishi mmoja kwa dakika arobaini. Zilirushwa sekunde tatu: "Bango halikuzuia kitu." Sekunde hizo zilichezwa nchi nzima kwa wiki mbili. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Dakota walibishana juu yake. Huku aliitwa shujaa, kule mpumbavu. Ndipo ukaja mjadala wa kuweka mabango kama lile kwenye maktaba, zahanati na uwanja wa maonyesho wa kaunti, na Askvold, ambayo zamani haikufunga magari, ikagawanyika hata mezani.

Tarehe 14 Machi gazeti la Herald lilitoa tahariri isiyo na jina, ikiunga mkono mabango. Ilisema kuwa mwanamume anayesema "laiti ningekuwa na bastola yangu" anajifariji kwa hadithi. Verlyn alizijua sentensi za dada yake kama alivyoijua sauti yake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba asubuhi ile mbele ya kanisa Ardis alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, na aliyasikia yote. Tahariri ile ndiyo maandishi pekee ambayo Ardis aliyapeleka mtamboni bila kumsomea kwanza mtu aliyehusika. Mwezi huohuo ofisi ya gazeti ilibandika bango mlangoni. Verlyn akatangaza kuwa hatapita tena mlango wowote wenye bango lile, na kwa dada yake, ambako hapakuwa na bango, hakwenda pia. Sikukuu ya Shukrani ya mwaka huo, mwezi Novemba, Ardis alimwandalia Verlyn sahani, ikakaa tupu.

Lakini mwezi Juni ilikuwa imekwisha kufika barua. Verlyn Sorum alikuwa akipinga bango la uwanja wa maonyesho. Sheria ni sheria, na Ardis akainua simu.

"Naongea na Verlyn Sorum?"

"Unajua unaongea na nani."

"Naomba uthibitishe kuwa barua hii ni yako."

"Nani mwingine angeandika hivyo, dada? Baba amekufa."

Akamsomea. Verlyn hakubadili hata nukta. Julai ikaja nyingine, na Agosti nyingine. Kufikia mwaka wa pili hazikuwa tena za silaha. Aliandika juu ya mashimo ya barabarani, juu ya bata bukini wanaochafua bustani, juu ya kahawa ya duka la ushirika, ambayo alidai imeanza kuchemshwa mara mbili. Kila mwezi barua moja, na kila mwezi simu moja. Wafanyakazi wa Herald walijua kuwa simu ya Verlyn huchukua muda mrefu kuliko barua yenyewe, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tahariri ya Machi haikutajwa na yeyote kati yao kwa miaka kumi na moja.

Agosti 2018 Ardis aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea na ukurasa wake akiwa nyumbani, na tangu tarehe 10 Januari 2019 akiwa kitandani kwenye nyumba ya wagonjwa iliyoko karibu na kanisa. Huko, katika juma lake la mwisho la kazi, aliandika masahihisho mafupi yenye jina lake. Kabla hayajaenda mtamboni alimpigia mdogo wake akamsomea:

"Tarehe 3 Februari 2007 Verlyn Sorum alisema: 'Bango halikuzuia kitu. Lakini sijui kama ningethubutu kupiga risasi mle ndani, watoto wamejaa, watu wanakimbia. Najiuliza tangu jana, na sina jibu.' Mimi niliyeandika tahariri ya tarehe 14 Machi nilikuwepo, niliyasikia yote, na nikaandika kana kwamba nilisikia nusu."

Verlyn alimsikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Nisomee tena."

Akamsomea tena.

"Mbona televisheni nayo ilifanya hivyohivyo," Verlyn akasema.

"Televisheni si dada yako."

Masahihisho yalitoka Jumatano, tarehe 23 Januari. Jumamosi yake gari la Verlyn lilisimama nje ya nyumba ya wagonjwa. Mlangoni palikuwa na bango. Muuguzi aliyekuwa zamu alimwona dirishani akiwa amekaa garini muda mrefu, injini ikiunguruma, kisha akaifungia bastola kwenye sanduku la garini, akaingia akiwa ameshika kofia mkononi.

"Bado nasema hilo bango ni upuuzi," alimwambia dada yake kabla ya salamu.

"Basi andika barua."

"Nitaandika!"

Aliiandika kweli, na alikuja kila siku. Tarehe 18 Februari Ardis, ambaye alikuwa amekwisha kabidhi ukurasa kwa mtu mwingine, aliomba aisome hiyo moja. Alisoma aya mbili kwa sauti, akasema ya pili ni ndefu mno, akaanza ya tatu, pumzi ikamwishia. Verlyn alichukua karatasi akamsomea yaliyobaki, polepole, bila kuruka neno. Hawakukubaliana juu ya hoja yake hata moja. Ardis alifariki usingizini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Februari 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, Verlyn akiwa kitini kando yake.

Ametanguliwa na wazazi wake na mumewe. Ameacha binti yake Janelle na mkwewe Rolf, mwanawe Todd, wajukuu watano na kitukuu mmoja, na mdogo wake Verlyn, ambaye ni miongoni mwa wabebaji wa jeneza leo. Baada ya maziko, wote mnakaribishwa chakula cha mchana katika ukumbi ulio chini ya kanisa.

Ardis na apumzike kwa amani kando ya Curtis, upande wa mashariki wa makaburi, ambako miti hupunguza upepo.