Historia ya Mchungaji Yonasi Simbeye, Aliyetukalisha Chini

Wachungaji, wazee, ndugu mliovuka mpaka kutoka Nakonde na majirani wote, mimi ni Amoni, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, familia imenituma nisome, nami nitasoma kama nilivyopewa, maana tangu Jumanne sisikii uchungu wala kitu kingine, ni ganzi tu.

Mchungaji Yonasi Simbeye alizaliwa tarehe 3 Machi 1927 hapa Nantumba, wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Isaka na mama Ketrina, alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akafunga ndoa na mama Nesta tarehe 14 Juni 1952, wakajaliwa watoto sita, wanne wako hai. Aliwekewa mikono ya uchungaji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, ndiyo maana alikuwa akitania kwamba yeye na nchi ni pacha, nchi ni Kulwa, yeye Doto.

Mwezi Agosti 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, ilitoka amri tuhamie kijiji kipya kando ya barabara siku hiyohiyo, kahawa ikiwa nyekundu mitini, vijana wakachukua mikuki, marehemu akawaambia waiweke, akatukalisha wote chini mbele ya nyumba, kina mama wamejifunga vitambaa kama msibani, kwa kuwa kwetu afikaye msibani hukaa kwanza ndipo aseme shida yake, na mgambo waliotumwa kutuhamisha, kwa kuwa ni watoto wetu, walipofika wakakaa mmoja mmoja, bunduki magotini, wakitupa pole, na hadi jua linazama hakuna aliyethubutu kuuliza amefariki nani. Wakatuahidi mwezi mmoja tuvune.

Wiki ya pili walirudi wakiongozwa na Anania, mgambo wa hapahapa kwetu, naye hakukaa, nyumba zikachomwa, na marehemu, akiwa bado ameketi, alipigwa kitako cha bunduki kifuani, akasema asiguswe mtu, vijana wakamtii, ingawa wapo wanaomwita mwoga hata leo.

Kifua hakikupona tena, alilazwa mara nyingi, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 9 Oktoba 1984, mama Nesta akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wachungaji wenzake, majirani kwa kuni na unga, na mzee Athuman wa Tunduma aliyeleta sukari, ambayo kwa uhaba huu wa sasa hatumwulizi ameipata wapi.

Marehemu aliagiza kaburi lake lichimbwe na Anania, naye amechimba tangu asubuhi, yuko pale nyuma, miguu ina udongo. Vijana, mnayonong'ona nimeyasikia, na fimbo mlizoweka nyuma ya zizi nimeziona, sina maneno ya kuwazuia, aliyekuwa nayo yumo humu sandukuni. Aliagiza pia kwamba Anania ashukuriwe kwa jina mbele ya watu, mimi kwa hiari yangu nisingelisema, lakini ameagiza. Anania, familia inakushukuru.

Kaka, lala kwa amani.