Mlango wa Nyuma wa Duka la Dawa

Asubuhi ile Mtaalamu alifika kijiweni akijikausha kama hana habari. "Kahawa, sukari nusu," alimwambia Mama Kahawa kama kila siku, na kama kila siku wakamcheka: mtu mzima anapimiwa nusu kijiko! Yeye ndiye aliyeandika programu ya duka la dawa la mkabala, na ndani yake aliacha mlango wa nyuma: neno moja la siri alilolijua peke yake, ili programu ikigoma aitwe yeye, alipwe yeye. Juzi mtu mwingine alipita mlango huohuo, akabeba majina ya wagonjwa na maradhi yao. Mtaalamu aliona aibu, akaogopa, ila mdomo aliufunga.

— Matundu haya ya kwenye programu yanaachwa makusudi, alianza Komeo, fundi kufuli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa fundi anatajirika kwa ufa au kwa ukuta?

— Kwa ukuta! walijibu wenzake.

— Basi azibe ufa wa nini?

— Wewe unaona karibu, alidakia Profesa, mwalimu mstaafu. Tundu lina soko lake. Ukimpelekea mwenye programu, anakupa asante na fulana. Ukimpelekea mwizi, unajenga ghorofa.

— Na serikali je?

— Hizo zinanunua kwa jumla! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo si mahali pake, Profesa.

— Ni papo hapo! Mgeni ni kirusi cha kompyuta, mwenyeji ni muuza kinga ya kirusi. Wanavifuga, bwana. Vina banda na mtu wa kuvilisha.

— Ndiyo maana simu yangu huzima kila mwisho wa mwezi. Inanusa mshahara! alisema Komeo.

— Mtaalamu, mbona kimya? Si fani yako hii?

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijibu, wakacheka.

Mara akaja karani wa duka la dawa, macho mekundu. Hakuwahi kukaa kijiweni. Leo alikaa.

— Wamenisimamisha kazi. Wanasema neno la siri nimelitoa mimi. Haki ya Mungu, sijawahi hata kulisikia!

— Neno gani hilo, mwanangu? aliuliza Mama Kahawa.

— Sukarinusu.

Komeo akakohoa. Profesa akamgeukia Mtaalamu. Mama Kahawa alikichukua kikombe cha Mtaalamu, akakijaza taratibu, kisha akasimamisha kijiko juu ya kopo la sukari.

— Haya, fundi. Leo nikutilie kiasi gani?