Zeddy Cheruto, Aliyetulindia Kiwanja cha Kaptembwo

Marehemu Zeddy Cheruto Kiplimo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Elburgon, binti wa pili wa marehemu Mzee Kiplangat, mpasua mbao, na marehemu Mama Jepchumba. Alikua akinusa unga wa mbao, na akicheza pembeni mwa msitu hadi aitwe kula. Alisomea hapo Elburgon, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1980, kisha akajifunza ushonaji mjini Nakuru.

Tarehe 8 Desemba 1984 aliolewa na Gedion Kiplimo, dereva wa lori, wakafanya makao Kaptembwo. Hapo alishona sare za shule kwa zaidi ya miaka thelathini. Kaptula zilizomfikia zikiwa zimechanika ndizo zilizomweleza watoto walikuwa wakicheza wapi: kwenye mitaro na juu ya mawe ya ujenzi.

Mwaka wa 2016, kiwanja pekee cha umma mtaani kilianza kumegwa na wanyakuzi wa ardhi. Zeddy aliomba chama chake cha akina mama cha kuweka akiba, kilichozoea kuzunguka nyumba hadi nyumba, kiwe kikikutana pale kila Jumamosi. Gedion alimtania, "Mama Weldon, mimi nilioa fundi wa nguo, si diwani."

"Diwani ana gari," alimjibu. "Nipitishie chumvi."

Jumamosi moja wapima ardhi walifika na vigingi vyao.

"Mathe, tunataka kupima hapo mlipokaa," mkubwa wao alisema.

"Sawa, boss. Lakini mgeni hapimi kabla ya chai."

Nanyama, jirani na rafiki yake, akawamiminia. Kufikia kikombe cha pili walikuwa wamemtaja aliyewatuma. Jumatatu Zeddy alikuwa katika ofisi za kaunti na jina hilo mdomoni, na wanachama wenzake nyuma yake. Kesi waliyofungua ilikokota miguu kwa miaka, na chai ya Jumamosi haikukatika. Novemba 2021 kiwanja kilisajiliwa kuwa mali ya umma. Miti ikapandwa, bembea zikawekwa.

Mwaka wa 2023 kisukari kiligusa figo zake, akaanza kusafishwa damu hospitalini. Mwezi wa Januari mwaka huu binti yake Jackie alimpeleka kiwanjani kuota jua. Mtoto mmoja akamjia na mpira kwapani.

"Shosho, songa kidogo. Hapo ni goli."

Zeddy akasonga.

"Hata hajui wewe ni nani," Jackie alinung'unika.

"Atajulia wapi? Mwache acheze."

Alituaga alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, nyumbani kwake, familia ikiwa kando yake. Alikuwa ametuachia agizo moja: mikutano ya matanga isifanyiwe kiwanjani, watoto wasije wakakosa pa kuchezea. Kwa hiyo tumekutana nyumbani kila jioni, tukibanana kwenye viti vya kuazima, na mara nyingi aliyekuwa akiomba alilazimika kupaza sauti kwa sababu ya kelele za mpira.

Amemwacha mumewe Gedion, watoto wake Weldon na Jackie, wajukuu, na wanachama wenzake wa Jumamosi.

Zeddy wetu na apumzike kwa utulivu. Kule kiwanjani wanaendelea kucheza.