Fayaq Rostam na Kijiko Juu ya Glasi

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda nasi hadi Kanisard, asanteni. Familia imenikabidhi mimi, Rebwar, mtoto wa mdogo wa marehemu, niyasome maisha ya baba yangu mkubwa kabla hatujamzika. Wengi wenu mlikunywa chai yake na mkabishana naye, kwa hiyo nikikosea mtanisahihisha.

Marehemu Fayaq Rostam alizaliwa tarehe 4 Aprili 1951 hapa hapa Kanisard, katika milima ya Qaradagh, mtoto wa kwanza wa Mzee Rostam na Bibi Halawa. Cheti chake kilisema ni raia wa Iraki. Maisha yake yote alitaka neno hilo libadilishwe liandikwe Kurdistani, nchi yetu sisi Wakurdi, na halikubadilishwa.

Alisoma shule ya msingi Qaradagh, kisha sekondari na chuo mjini Suleimaniya. Mwaka 1974 aliacha masomo akaenda msituni na bunduki kupigana na serikali ya Iraki, kama vijana wenzake. Mwaka uliofuata mapambano yalivunjika, akavuka mpaka kwa miguu kuingia Irani. Aliporudi, mama yake alimpokea mlangoni.

"Hiyo nchi umekuja nayo?"

"Ipo njiani, mama."

"Haya, vua viatu ule kwanza."

Kisa hicho alikipenda sana, na kila alipokisimulia alicheka yeye kwanza.

Mwaka 1979 alifungua mkahawa wa chai karibu na soko kuu la Suleimaniya, akauendesha hadi alipougua. Ulikuwa na mabenchi mawili. La karibu na jiko lilikuwa la wanaosema tupate nchi yetu sasa. La mlangoni, penye upepo, lilikuwa la wanaosema bado. Kwetu, mtu akitosheka na chai hulaza kijiko juu ya glasi, asiongezewe. Kwa Fayaq, aliyelaza kijiko mabishano hayajaisha amekubali kushindwa. Baba yangu, Latif, alikalia benchi la mlangoni miaka yote, na koti lake mwilini hata ndani.

"Subira huvuta heri, kaka," baba alikuwa akisema.

"Imevuta nini mpaka leo? Ivute basi tuione."

"Majirani wote wametukodolea macho. Tukijitangaza tu, watatubana kila upande."

"Na tusipojitangaza wanatubusu? Mwongezeeni chai huyu, baridi imempanda kichwani."

Wakati wa kufunga waliondoka pamoja, wameshikana mikono.

Tarehe 12 Agosti 1982 marehemu alimwoa Mama Nahida, wakajaliwa binti, Tavga, na mtoto wa kiume, Zanyar. Mwaka 1988 jeshi la Iraki lilikibomoa kijiji hiki, likawapakia watu kwenye malori. Bibi Halawa alikuwa miongoni mwao. Nyumba hizi mnazoziona zilijengwa upya baadaye, lakini kaburi lake hatuna la kuwaonyesha. Ndugu hawa wawili walilia msiba mmoja wakatoka na mafunzo mawili. Baba mkubwa alisema asiye na nchi yake hana wa kumlinda mama yake. Baba yangu alisema mnyonge akimchokoza mwenye nguvu, wanaochukuliwa ni akina mama. Mimi nimewasikiliza tangu utotoni, na sijaweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.

Ilipofika kura ya maoni ya kujitenga na Iraki, tarehe 25 Septemba 2017, baba mkubwa alifunga mkahawa, akavaa nguo zake za Nowruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, akapiga kura ya ndiyo. Kidole chake chenye wino alikiinua juu siku nzima, hata wakati wa kula. Baba yangu hakwenda. Vijana walipomwita msaliti, baba mkubwa aliwafokea, "Huyu ni msaliti wangu mimi. Niachieni mwenyewe."

Wino ulikuwa haujafutika vizuri wakati mji wa Kirkuk ulipotuponyoka ukachukuliwa na jeshi la Iraki, tarehe 16 Oktoba. Zanyar alikuwa katika kikosi kilichokuwa kusini mwa mji, na aliuawa siku hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kaburi lake ni hili hapa kando.

Matangani, mbele ya watu, baba yangu alisema neno ambalo wengi wenu mlilisikia: "Tulikwambia tungoje. Haya, nchi umeipata, kipande cha kumtosha Zanyar." Ndugu hawa hawakusemezana tena kwa zaidi ya miaka sita. Mkahawani, baba mkubwa hakuruhusu mtu mwingine alikalie benchi la mlangoni, na mabishano aliyakatisha kila yalipoanza. Ila kijiko chake hakukilaza. Alikunywa hadi birika likauke.

Mwaka 2022 alianza kukohoa, na madaktari wakakuta saratani ya mapafu. Tarehe 27 Februari 2024, mchana, Mama Nahida alimpigia simu baba yangu, naye akaja nyumbani kwao na koti lake, akasimama mlangoni.

"Nikae wapi, kaka?"

"Kaa huku karibu na jiko. Hapo pana upepo."

Tuliwawekea chai. Walikoroga chai mpaka baba yangu akashindwa kuvumilia.

"Bado unasema ilikuwa sawa ile kura?"

Baba mkubwa aliitazama glasi yake, ambayo hakuwa ameinywa hata nusu, akalaza kijiko juu yake. Baba yangu alikitoa, akakirudisha ndani ya glasi.

"Hapana, kaka. Kunywa. Nitukane. Niambie mimi mwoga."

Baba mkubwa alikilaza tena.

"Sikutaka kushinda hivi," baba yangu alisema, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Fayaq alimshika mkono. Alifariki kesho yake asubuhi, nyumbani kwake, Suleimaniya.

Ameacha mjane, Mama Nahida. Binti, Tavga, aliyeko Ujerumani na ambaye hakupata ruhusa ya kusafiri. Wajukuu wawili wasiojua lugha yetu. Na mdogo wake, Latif, ambaye tangu jana anauliza sasa abishane na nani. Cheti cha kifo nimekipokea mimi. Kimeandikwa raia wa Iraki.

Lala salama, baba mkubwa, kando ya mwanao, mahali ambapo hakuna atakayekwambia ungoje.